Mafuta, Mbegu na Unukuzi: Istilahi za Lishe na Jeni za Ng'ombe wa Maziwa kwa Mfano wa Mabira, Kagera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza athari za mafuta ya lishe katika utendaji wa jeni za ng'ombe wa maziwa. Mahali panapotumiwa kama kipimo ni kata ya Mabira, mkoani Kagera, ambako maarifa ya ufugaji hutoka katika Kiingereza, hupita katika Kiswahili na huishia kujadiliwa katika Runyambo. Makala yanadai kwamba kikwazo kikubwa si uhaba wa istilahi mpya, bali ni maneno mawili yaliyokwisha kuzoeleka, yaani mafuta na mbegu, ambayo kila moja hubeba dhana kadhaa zinazopingana ndani ya hoja moja. Inapendekezwa kwamba istilahi unukuzi, ambayo tayari ni mali ya isimu, itumike kutaja hatua ya utendaji wa jeni inayoguswa na lishe.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kukuza istilahi za Kiswahili imefanywa kwa muda mrefu na vyombo vinavyofahamika: Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) la mwaka 1967. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwaka huohuo Mwansoko akakamilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya usasaishaji wa istilahi za Kiswahili. Kigezo cha PEGITOSCA kilichotolewa na Kiingi kimewapa waundaji istilahi njia ya kupima neno moja moja: je, neno ni sahihi, ni fupi, linazalisha maneno mengine, linakubalika?

Hata hivyo, neno moja moja si kipimo cha mwisho. Istilahi inaweza kufaulu mtihani wote wa kamusi, kisha ikaanguka inapoingizwa katika sentensi ambamo imo pamoja na istilahi nyingine. Ndivyo inavyotokea katika taaluma inayohusu lishe na jeni. Watafiti wa ng'ombe wa maziwa wamekwisha kuonyesha kwamba baadhi ya mafuta anayokula ng'ombe hupunguza kazi ya jeni zinazotengeneza mafuta ya maziwa. Maneno yote ya kuielezea habari hiyo yamo katika Kiswahili: mafuta, jeni, lishe, maziwa, punguza. Lakini yakipangwa kama yalivyo, hutoka sentensi ambayo msikilizaji mwenye akili timamu ataikataa. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini.

2.0 Mabira na Lugha Tatu

Mabira ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012, ilipoanzishwa Wilaya ya Kyerwa. Nyaraka za miaka ya nyuma zinaitaja chini ya Karagwe, jambo ambalo mtafiti wa maktaba hana budi kulikumbuka. Lugha ya wenyeji ni Runyambo, ambayo katika uainishaji wa Guthrie ni E21, na ambayo imepata bahati ya kuchunguzwa kwa kina kuliko lugha nyingi za Tanzania. Bickmore alichunguza arudhi yake mwaka 1989, na Rugemalira aliandika juu ya unyambulishaji wa vitenzi vyake mwaka 1993, akatoa msamiati wake pamoja na Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, kisha sarufi yake mwaka 2005.

Ng'ombe katika Karagwe si mradi mpya. Miongoni mwa vitu vya kifalme vya Karagwe vilivyohifadhiwa Bweranyange zimo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, na Speke, aliyefika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, alieleza jinsi wanawake wa jumba la kifalme walivyonenepeshwa kwa maziwa. Maelezo yake yamejaa mshangao wa mgeni na yanastahili kusomwa kwa tahadhari, lakini yanashuhudia jambo moja: uhusiano kati ya maziwa, unono na hadhi ulikuwa ukizungumzwa katika eneo hili kabla ya neno jeni kubuniwa popote duniani.

Pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, katika Kagera hufugwa leo ng'ombe chotara, hasa wenye damu ya Friesian. Chotara hulishwa zizini kwa matete, majani ya Guatemala, vigogo na maganda ya ndizi, na kwa mwenye uwezo, pumba za mahindi na mashudu ya pamba au alizeti. Anayemshauri mfugaji ni afisa mifugo. Yeye amesomea kazi yake kwa Kiingereza, humshauri mfugaji kwa Kiswahili, na mfugaji akirudi nyumbani huujadili ushauri huo kwa Runyambo. Abdulaziz aliielezea hali ya namna hii ya lugha tatu tangu mwaka 1972. Lililo muhimu hapa ni kwamba Kiswahili kimewekwa katikati. Kikitia ukungu dhana moja, ukungu huo hauwezi kuondolewa katika hatua inayofuata, kwa kuwa msemaji wa Runyambo hatafsiri kutoka Kiingereza bali kutoka katika kile alichokisikia kwa Kiswahili.

3.0 Kinachotokea ndani ya Ng'ombe

Istilahi haiwezi kujadiliwa kabla ya dhana yenyewe kueleweka, kwa hiyo sehemu hii inaeleza jambo lenyewe kwa maneno ya kawaida kadiri inavyowezekana.

Majani yana mafuta machache, asilimia chache tu ya uzito wake mkavu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kama ilivyo katika mbegu za alizeti na za pamba, ni asidi mafuta ambazo bado zina nafasi za kupokea haidrojeni. Nafasi hizo huitwa vifungo maradufu. Asidi linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti, ina atomi 18 za kaboni na vifungo maradufu viwili. Asidi linoleniki, iliyo nyingi katika majani mabichi, ina vitatu.

Ng'ombe hucheua. Chakula chake hukaa kwanza katika rumeni, tumbo la kwanza ambalo kwa ng'ombe mkubwa huweza kuchukua zaidi ya lita 100, na humo huishi bakteria na vijiumbe wengine wasiohesabika. Kwa wengi wa bakteria hao asidi mafuta zenye vifungo maradufu ni sumu. Wao hujilinda kwa kuziongezea haidrojeni hatua kwa hatua hadi zigeuke kuwa asidi steariki, isiyo na kifungo maradufu hata kimoja. Ndiyo maana mafuta ya ng'ombe huganda kwa urahisi ingawa ng'ombe mwenyewe hula majani yenye mafuta ya majimaji.

Katika safari hiyo huzaliwa vitu vya kati. Ng'ombe akila nyuzinyuzi za kutosha, asidi linoleiki kwanza hugeuka kuwa asidi ambayo vifungo vyake maradufu viko katika kaboni ya 9 na ya 11. Makala haya yataiita asidi ya 9-11. Nyuzinyuzi zikipungua, vyakula vya wanga kama nafaka vikazidi na rumeni ikawa na uchachu zaidi, huku mafuta ya mbegu yakiwa mengi, baadhi ya asidi hiyo hufuata njia nyingine na kutoa asidi ya 10-12. Idadi ya kaboni ni ileile na idadi ya vifungo ni ileile. Kilichotofautiana ni mahali vifungo vilipo na umbo linalotokana na mahali hapo.

Kwa mwanaisimu jambo hili halina ugeni. Maneno kata na taka yana fonimu zilezile nne. Mpangilio ndio unaoyatenganisha, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya. Kiwele nacho hakizichanganyi asidi hizi. Asidi ya 9-11 hupita bila kuyapunguza mafuta ya maziwa. Asidi ya 10-12 huyapunguza, tena kwa kiasi kidogo sana: Baumgard na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walionyesha mwaka 2000 kwamba gramu 10 kwa siku zikiingizwa moja kwa moja mbele ya rumeni huteremsha mafuta ya maziwa kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa ng'ombe mwenye uzito wa mamia ya kilo, hicho ni kiasi cha vijiko vichache vya chai.

Namna inavyofanya kazi ndipo jeni zinapoingia. Takriban nusu ya asidi mafuta zilizomo katika maziwa hutengenezwa ndani ya seli za kiwele, hasa kutokana na asetati inayopatikana nyuzinyuzi zinapochachushwa katika rumeni. Nusu nyingine huchukuliwa kutoka katika damu. Kazi zote mbili zinahitaji vimeng'enya, na kila kimeng'enya hutokana na jeni yake. Jeni haifanyi kazi moja kwa moja. Sehemu yake hunakiliwa kwanza kuwa RNA ya ujumbe, na ujumbe huo ndio unaoongoza utengenezaji wa kimeng'enya. Mwaka 2002 kundi hilohilo la Cornell lilionyesha kwamba kwa ng'ombe waliopewa asidi ya 10-12, ujumbe wa jeni kadhaa za kutengeneza mafuta ulipungua kwa pamoja. Kupungua kwa pamoja kunaashiria msimamizi mmoja. Mwaka 2006 Harvatine na Bauman walitoa ushahidi kwamba mmoja wa wasimamizi hao ni protini iitwayo SREBP-1. Kwa kawaida protini hii imefungwa katika utando ndani ya seli. Inapohitajika hukatwa, kipande chake huingia katika kiini cha seli na kukaa mwanzoni mwa jeni husika, nazo huanza kunakiliwa kwa wingi. Asidi ya 10-12 huipunguza kazi hiyo.

Mambo matatu ya mwisho yana uzito wa pekee kwa mjadala wa istilahi. Kwanza, kiasi cha maziwa na cha protini yake hakibadiliki sana. Yanayoshuka ni mafuta. Pili, jeni zenyewe hazibadiliki hata kidogo: ng'ombe huyo atamrithisha ndama wake jeni zilezile alizozaliwa nazo. Tatu, chakula kikirekebishwa mafuta hurudi, kwa kawaida katika muda wa wiki mbili hadi tatu.

Inafaa kuongeza kwamba tatizo lenyewe ni kongwe kuliko maelezo yake. Boussingault aliandika juu ya kushuka kwa mafuta ya maziwa nchini Ufaransa mwaka 1845. Aidha, si kila mafuta yana tabia hii. Mafuta yaliyokwisha kushiba haidrojeni hayana. Mfugaji wa Mabira ambaye ng'ombe wake hula majani kwa wingi hana sababu ya kuogopa konzi za mashudu. Hatari huja wakati wa kiangazi, majani yanapoadimika, akajazia kwa pumba na mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo na kubakiwa na mafuta mengi. Kigogo cha mgomba hakimsaidii sana kuziba pengo hilo, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji.

4.0 Neno Mafuta

Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu:

(1) Mafuta mengi hupunguza mafuta.
(2) Mashudu haya yana mafuta mengi, ndiyo maana maziwa hayana mafuta.
(3) Ng'ombe huyu ana mafuta lakini hana mafuta.

Kisarufi hazina kasoro. Kimaana, (1) ni mkinzano mtupu, (2) inakwenda kinyume cha mantiki ya kila siku inayosema kiingiacho ndicho kitokacho, na (3) ni kitendawili, ingawa humweleza vema ng'ombe mnono mwenye maziwa mepesi. Kiswahili hutumia nomino moja ya ngeli ya 6, isiyo na umoja, kwa kitu kinacholiwa, kitu kilicho chini ya ngozi, kitu kinachoelea juu ya maziwa, na zaidi ya hayo kwa kitu kinachotiwa katika taa na gari. Mofolojia haimpi mzungumzaji njia yoyote ya kuzitenganisha maana hizo. Hakuna *futa wala *vifuta vya kukimbilia.

Si kwamba lugha ni maskini. Jikoni na sokoni zimo samli, siagi, malai na shahamu, kila moja na mahali pake. Tatizo ni kwamba maneno haya hutaja bidhaa au mahali, si kemikali. Samli ni mafuta ya maziwa yaliyokwisha kutengwa na kuchemshwa. Asiye mpishi hawezi kusema kwamba maziwa yaliyo ndani ya kiwele yana samli. Malai yanakaribia zaidi, kwa kuwa mfugaji huyaona kwa macho na huyatumia kupima, lakini maziwa yanaweza kuwa na mafuta yasiyojitokeza kama malai. Shahamu peke yake inaweza kuchukuliwa ilivyo, kwa mafuta ya mwili wa mnyama, na ni ajabu kwamba waandishi wa ufugaji huiacha katika kamusi.

Pendekezo la makala haya ni kwamba katika maandishi yanayohusu lishe na jeni neno mafuta lisiachwe peke yake hata mara moja. Litumike mafuta ya lishe kwa kinacholiwa, mafuta ya maziwa kwa kinachokamuliwa na shahamu kwa kilicho mwilini. Kwa umbo la kikemia litumike asidi mafuta, bila kihusishi ya katikati, ili neno lisimame kama nomino ambatani moja na liweze kupokea vivumishi bila kuyumba. Sentensi ya (1) ikiandikwa upya, "Baadhi ya asidi mafuta za lishe hupunguza mafuta ya maziwa", mkinzano unatoweka. Inakuwa ndefu zaidi, na mtetezi wa ufupi atalalamika. Lakini ufupi unaozaa mkinzano si iktisadi.

5.0 Jeni Hujieleza?

Dhana ngumu zaidi ni ile ambayo Kiingereza huitaja kwa nomino inayotokana na kitenzi chenye maana ya kueleza au kudhihirisha. Tafsiri mkopo inayojitokeza kwanza ni ujielezaji wa jeni, na ya pili ni udhihirikaji wa jeni. Zote mbili zinafaa kupimwa kwa mofolojia yake kabla ya kupimwa kwa kamusi.

Ujielezaji una kiambishi rejeshi -ji-, ambacho kwa kitenzi eleza humtaka mtenda mwenye nia. Katika Kiswahili cha shule, kujieleza ni stadi ya mwanafunzi. Katika Kiswahili cha ofisi, mtumishi hutakiwa kujieleza anapotuhumiwa. Jeni inayojieleza basi inafanana na karani aliyechelewa kazini. Hii si dhihaka tu. Nia inayopachikwa juu ya jeni humfanya msikilizaji aamini kwamba jeni ndiyo mwamuzi, ilhali hoja nzima ni kwamba jeni husubiri kuamuliwa na hali ya seli, na hali ya seli nayo hutegemea chakula.

Udhihirikaji una kauli ya kutendeka, -ik-, na kwa hiyo hauna kosa la nia. Kosa lake ni jingine. Kinachodhihirika huonekana, lakini kinachopungua katika seli ya kiwele hakionekani na yeyote. Kinachoonekana ni maziwa mepesi, ambayo ni tokeo la mbali. Neno hili lingefaa zaidi kwa sifa za nje za mnyama, kama vile rangi na pembe.

Njia iliyo bora imo katika nyumba ya isimu yenyewe. Baada ya umbo la DNA kufahamika mwaka 1953, wanabiolojia walipokuwa wakitafuta maneno ya kutajia kazi ya jeni, waliazima kutoka katika taaluma za maandishi na lugha: msimbo, ujumbe, unukuzi, tafsiri. Wanaisimu wa Kiswahili wanazo istilahi hizi tayari. Unukuzi ni kuhamisha kilichomo katika umbo moja kwenda katika umbo jingine lililo karibu nalo, kama sauti kwenda katika alama za kifonetiki. Tafsiri ni kuhamisha ujumbe kutoka mfumo mmoja hadi mfumo mwingine ulio tofauti. Tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya hatua ya DNA kuwa RNA, ambapo alama zinakaribiana, na hatua ya RNA kuwa protini, ambapo mfumo wa alama unabadilika kabisa. Ni nadra tafsiri mkopo kuafikiana na dhana kwa ukamilifu wa namna hii.

Kuna faida ya pili. Kunukuu, katika matumizi ya kawaida, ni kuchukua maneno ya matini bila kuyabadili. Anayenukuu mara moja na anayenukuu mara mia wote wanaiacha matini asilia ilivyokuwa. Neno basi limebeba ndani yake ukweli ule ambao ni mgumu kuufundisha, kwamba lishe hubadili wingi wa nukuu, si matini. Kunakili kubaki kwa kazi nyingine, ile ya kurudufisha DNA nzima seli inapogawanyika. Ni kweli kwamba sehemu ya 3.0 ya makala haya imetumia nakili kwa maana ya kwanza, na usumbufu alioupata msomaji hapo ni ushahidi wa haja ya kutenganisha.

Inaweza kupingwa kwamba utendaji wa jeni ni mpana kuliko unukuzi, kwani ujumbe ulionukuliwa unaweza usitafsiriwe. Pingamizi hili ni la haki. Utendaji wa jeni ubaki kuwa istilahi mwavuli, na unukuzi utumike pale tu kilichopimwa ni RNA ya ujumbe. Katika suala la mafuta ya maziwa, kilichopimwa mwaka 2002 kilikuwa ujumbe huo hasa.

Linabaki suala la kitenzi. Kuwasha na kuzima hupendwa na waandishi wa magazeti, na taswira ya taa inavutia, lakini taa ina hali mbili tu. Jeni za kiwele hazizimwi na asidi ya 10-12, hupungua kazi. Kiswahili kina fifia, kitenzi kinachotaja kupungua kwa nguvu bila kwisha, na kauli yake ya kutendesha, fifisha. Asidi ya 10-12 hufifisha unukuzi wa jeni za mafuta ya maziwa. Kinyume chake kiwe kuamsha. Kuchochea kunaweza kufaa, lakini nomino yake, uchochezi, imekwisha kuchukuliwa na mahakama na siasa.

6.0 Mbegu na Gharama ya Kosa

Kama mafuta ni neno linaloficha tofauti, mbegu ni neno linaloelekeza mahali pasipo. Mbegu hupandwa shambani. Mbegu hukamuliwa mafuta na makapi yake huwa mashudu. Mbegu huhifadhiwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha. Na mbegu ni aina ya mnyama, kama katika ng'ombe wa mbegu. Mtu akisema "mbegu hii haina mafuta", muktadha pekee ndio utakaoonyesha kama anazungumzia alizeti au mtamba.

Kwa mfugaji anayeona maziwa yake yamepoteza malai, lugha inampa maelezo mawili yaliyo tayari. La kwanza ni kwamba yametiwa maji. Hili linaweza kukanushwa kwa laktomita, kwa sababu maji hupunguza uzito wa maziwa kwa ujazo uleule, ilhali maziwa yaliyopungukiwa na mafuta pekee huelekea kuwa mazito kidogo zaidi. Lakini mnunuzi anayepima kwa jicho hana laktomita, na anayetuhumiwa mara nyingi ni yule aliyekama au aliyebeba ndoo, kijana au mke wa nyumba. Tuhuma ya kutia maji katika maziwa si jambo dogo katika jamii ya wafugaji.

La pili ni kwamba mbegu ni mbaya. Maelezo haya yana chembe ya ukweli, kwani Friesian kwa asili hutoa maziwa yenye mafuta machache kuliko Jersey. Hapo ndipo hatari ilipo. Mfugaji aliyesadiki kwamba kosa ni la mbegu atamuuza ng'ombe, au atatafuta dume jingine. Mimba huchukua miezi tisa na siku kadhaa. Mtamba atakayezaliwa atahitaji zaidi ya miaka miwili kabla ya kukamwa. Jumla ni karibu miaka mitatu au zaidi ya kusubiri, na mtamba huyo akilishwa chakula kilekile atatoa maziwa yaleyale. Kilichohitajika kilikuwa ni nyuzinyuzi zaidi na mashudu pungufu kwa wiki tatu.

Kosa la kinyume nalo linastahili kutajwa. Kauli kwamba chakula hubadili jeni huvutia, na huzalisha hofu isiyo na msingi kwamba ndama amekwisha kuharibika tumboni, au kwamba maziwa yana jeni zilizochezewa. Kitenzi badili hapa ni kosa la kisayansi. Hata athiri ina udhaifu, kwa kuwa katika masikio ya wengi, walioathirika ni wagonjwa na wahanga. Ni salama zaidi kusema kwamba chakula hugusa utendaji wa jeni, kisha kutaja mguso huo ni wa kufifisha au wa kuamsha.

Kwa bahati nzuri neno lishe lenyewe ni angavu. Linatokana na lisha, kauli ya kutendesha ya la, na mzizi huohuo wa Kibantu umezaa -riisa katika lugha za kundi la Rutara, kama Runyankore, kwa maana ya kuchunga na kulisha mifugo. Mnyambo anayesikia lishe ya ng'ombe hahitaji mkalimani.

7.0 Jaribio la Matini

Matini ifuatayo imetungwa kama afisa mifugo angeweza kuisema kwa mfugaji mwanamke wa makamo katika kata kama Mabira. Haina istilahi hata moja ya maabara isipokuwa jeni:

"Shikamoo mama. Nimeyaona maziwa. Hayajatiwa maji, na ng'ombe wako si wa mbegu mbaya. Mwili wake una maandishi aliyozaliwa nayo, tunayaita jeni, na humo imeandikwa namna ya kutengeneza mafuta ya maziwa. Maandishi hayo hayajafutika. Ila kiwele hakiyasomi kama zamani, kwa sababu ya mashudu mengi na majani machache. Yale mafuta ya mashudu, yakikosa majani ya kutosha tumboni, hugeuka kuwa kitu kinachofifisha usomaji. Punguza mashudu, ongeza matete na majani makavu. Usimuuze. Tumpe wiki tatu, kisha tuyatazame malai."

Matini hii imeacha unukuzi na kutumia kusoma. Huo si usaliti wa istilahi. Unukuzi ni neno la mhadhiri na la mwandishi wa kitabu cha kiada, na kazi yake ni kumfanya afisa mifugo aelewe kwa usahihi ili aweze kurahisisha bila kupotosha. Afisa aliyefundishwa ujielezaji angerahisisha kuwa "jeni zimekataa kufanya kazi", na aliyefundishwa ubadilishaji angesema "jeni zimeharibika". Aliyefundishwa unukuzi hurahisisha kuwa "hayasomwi kama zamani", na bado yumo ndani ya ukweli.

Neno maandishi nalo limechaguliwa badala ya kitabu kwa sababu isiyotarajiwa. Kitabu kingekuwa taswira nzuri zaidi kwa msomi. Lakini kwa wachinjaji na wauza supu, kitabu ni lile tumbo la ng'ombe lenye kurasa kurasa ndani yake, kama taulo lilivyo jina la lile lenye manyoya manyoya. Mama aliyeambiwa kwamba namna ya kutengeneza mafuta ya maziwa imeandikwa katika kitabu cha ng'ombe wake angekuwa na haki kamili ya kuelewa kwamba imo tumboni.